Kukaa na familia ya Kifaransa Besançon: nyumba mbili, meza moja

Kila anayeniuliza kuhusu kukaa na familia Ufaransa huanza na chumba. Ni kikubwa? Kina intaneti? Bafu ni la peke yako? Ni maswali ya haki kabisa, lakini mimi humwambia aulize kwanza mnakula wapi, saa ngapi, na nani atakuwepo mezani. Huduma hii inatangazwa kama malazi, ila thamani yake yote iko kwenye chakula cha jioni. Chumba utakipata kwingine kwa nusu ya bei. Watu wazima wawili wanaoongea lugha yao kwa mwendo wao wa kila siku, wakakusubiri umalize sentensi yako, kisha wakakujibu, hao huwapati kwa urahisi.

Nayasema haya kwa sababu nimekaa nyumba mbili ndani ya mwaka mmoja wa masomo, 2023 hadi 2024, mjini Besançon, mashariki mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi. Nilikwenda kusoma CLA, kituo cha lugha cha chuo kikuu cha pale, kilichoanza mwaka 1958. Mimi ni mtu wa Tanga, Mwislamu, nasomea ualimu wa Kifaransa. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimeshakisoma chuoni na pale Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, Upanga, Dar es Salaam. Sarufi nilikuwa nayo. Kilichokuwa kizito ni ulimi: nikiulizwa jambo dukani nilijibu vizuri kabisa, kichwani, baada ya mwenye duka kuhamia kwa mteja mwingine.

Familia zote mbili nilitafutiwa na wakala, kampuni binafsi isiyohusiana na chuo. Nililipa euro 640 kwa mwezi kwa utaratibu wanaouita demi-pension: chumba, kifungua kinywa na chakula cha jioni, mchana unajitegemea. Juu yake kuna ada ya wakala na amana ya mwezi mmoja. Mwaka huo chumba cha meta 9 za mraba katika hosteli za Crous, shirika la serikali la huduma za wanafunzi, kilikuwa chini ya euro 300, na sahani ya mchana kwenye mkahawa wao ilikuwa euro 3.30, yaani kianzio, chakula chenyewe na kitu kitamu cha mwisho. Pigeni hesabu wenyewe. Tofauti hiyo ya euro mia tatu na ushei ndiyo bei ya meza, na ndiyo maana nasema meza isipokuwepo umelipia hewa.

Nyumba ya kwanza haikuwa na meza.

Nisieleweke vibaya, ilikuwa nyumba nzuri. Ilikuwa nje ya mji, mpya, ina bustani, chumba changu kikubwa chenye dirisha linalotazama vilima, bafu langu mwenyewe, intaneti ya kasi. Wenyeji wangu walikuwa mume na mke wenye kazi nzito, na hawakuwa watu wabaya hata kidogo. Lakini walirudi usiku, wamechoka, na walishakula huko huko au walikula wamesimama jikoni. Sahani yangu niliikuta ndani ya maikrowevu, imefunikwa, na kikaratasi cha njano juu ya mlango: dakika mbili. Chakula chenyewe kilikuwa kizuri. Nilikula peke yangu chini ya taa ya jikoni nikisikiliza friji inavyonguruma, halafu nikaosha sahani nikapanda chumbani. Wikiendi walikwenda kwa wazazi wao. Basi la mwisho kutoka mjini lilikuwa saa mbili usiku, kwa hiyo hata kukaa na wenzangu wa darasani baada ya masomo ilikuwa kuangalia saa kila wakati.

Nilimwandikia wakala. Jibu lilichelewa sana, na lilipokuja lilisema mkataba unaahidi chakula, hauahidi watu wa kula nao. Na ni kweli, mkataba haukuahidi. Lakini tangazo lao lina picha ya familia imezunguka meza, bakuli la saladi katikati, kila mtu anacheka. Ukiuza kwa picha ile, toa kilichomo kwenye picha ile. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa wakala, na siliondoi. Hatimaye walinihamisha wakati wa likizo ya Watakatifu Wote, mwisho wa Oktoba. Amana ya nyumba ya kwanza ilirudi baada ya barua pepe nyingi na baada ya mimi kutuma picha za chumba nilizopiga siku ya kuingia na siku ya kutoka. Pigeni picha hizo, hata kama mwenyeji anaonekana malaika.

Nyumba ya pili ni ya kule Battant, mtaa wa zamani ng'ambo ya mto Doubs, uliokuwa wa wakulima wa zabibu. Nyumba za huko zimejengwa kwa mawe ya Chailluz, ambayo jiwe moja huwa na rangi ya mchanga upande mmoja na samawati ya kijivu upande mwingine. Mvua ikinyesha ule upande wa samawati unakolea. Chumba changu kilikuwa darini, ngazi nyembamba, hakuna lifti, dari imeinama hivi kwamba nilisimama wima katikati tu. Bafu liko ghorofa ya chini yake, tunalitumia wote, na choo kiko peke yake kwenye ukumbi, mlango mwingine kabisa. Kwa vigezo vya chumba, nyumba ya kwanza inashinda kwa mbali. Na mimi nisingerudi kule hata kwa bei pungufu.

Wenyeji wangu hapa walikuwa wazee wastaafu. Madame alikuwa muuguzi, Monsieur alifanya kazi reli. Chakula cha jioni ni saa moja na nusu, na saa moja na nusu maana yake ni hiyo hiyo. Kama unachelewa, unapiga simu. Kama huji, unasema asubuhi. Baada ya hapo mnakaa saa nzima, mara nyingi zaidi. Kwetu Tanga chakula huwekwa chote kwa pamoja, ukianza na mchuzi au mboga ni shauri lako. Pale kila kitu kina zamu yake: supu au mboga mbichi, kisha chakula chenyewe, kisha saladi ya majani, kisha jibini, kisha tunda au mtindi. Mkate hauna sahani, unawekwa juu ya kitambaa cha meza karibu na mkono wako. Mikono nayo inakaa juu ya meza, haifichwi chini. Mwanzoni niliona ni taratibu nyingi kwa watu watatu, halafu nikaelewa faida yake kwangu mimi mwanafunzi: kati ya zamu moja na nyingine hakuna cha kufanya ila kuzungumza.

Madame alikuwa na namna ya kufundisha ambayo nimeichukua niitumie darasani kwangu. Hakunikatiza hata siku moja. Nikisema kitu kombo aliningoja nimalize, halafu jibu lake linaanza kwa kuirudia sentensi yangu ikiwa imenyooka, kama vile anahakikisha amenisikia. "Ah, kwa hiyo ulipokuwa mdogo ulikuwa ukienda ziwani?" "Baharini, Madame." "Baharini, ndiyo. Na mlikuwa mkivua nini?" Ule wakati uliopita wa mazoea, ambao kwenye vitabu ulinisumbua miaka, uliniingia hivyo, pamoja na samaki. Nilipomsimulia mama yangu kwa simu aliniuliza, "Sasa mwanangu, huyo mama anakula saa ngapi na maswali yote hayo?"

Monsieur yeye alikuwa msimuliaji, na humo nilipata elimu ambayo hakuna ada ingenipa. Mama yake alifanya kazi Lip, kiwanda cha saa kilichokuwa Palente, hapo hapo Besançon. Mwaka 1973 ilipojulikana kwamba watu wangepunguzwa kazini, wafanyakazi wakakikalia kiwanda, wakaficha saa zilizokwisha kutengenezwa, wakaendelea kutengeneza nyingine, wakaziuza wenyewe na kujilipa mishahara. Tarehe 29 Septemba mwaka huo watu wapatao laki moja waliandamana mjini humo huku mvua kubwa ikinyesha. Yeye alikuwa kijana, alikuwepo. Alipofika kwenye mvua alisukuma sahani pembeni, akachukua kisu cha siagi kiwe mto Doubs, vipande vya mkate vikawa kiwanda na mitaa, akanionyesha maandamano yalipopita. Mwaka ule niliokaa nao ilikuwa imetimia miaka 50, na bado sauti yake ilipanda.

Naye akataka kujua kwetu. Nikamweleza mkonge, maana babu yangu alikuwa mkata mkonge, na jinsi mashamba mengi yalivyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Akauliza: wakataji walipata nini? Nani aliongoza shamba baada ya wazungu? Bei ya kamba iliposhuka ikawaje? Nilijibu nilichoweza kwa Kifaransa changu cha wakati ule, nikitafuta neno la kuchana, la kukausha, la mzigo, huku Madame akinisogezea maneno moja moja. Usiku huo nilipanda ngazi zangu nikiwa nimechoka kichwa, na nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata mbele ya kitabu cha mazoezi.

Chakula chenyewe sasa. Mkoa ule ni mkoa wa jibini na soseji, na soseji mashuhuri ya huko, ya Morteau, ni ya nguruwe, hukaushwa kwa moshi. Wakala alikuwa na fomu ya kuandika usichokula, niliijaza, na nyumba ya pili waliisoma kweli. Kuna jibini liitwalo Mont d'Or, linauzwa kuanzia Septemba 10 hadi Mei 10 tu, laini kama uji mzito, limezungushiwa gome la mti ndani ya kisanduku cha mbao. Wao hulioka hivyo hivyo na kisanduku chake, baada ya kutia divai nyeupe. Mara ya kwanza walipolipika nilimwona Madame anatoa visanduku viwili. Cha kwanza akakimiminia divai. Cha pili akachimba shimo katikati kwa kijiko, akasukumia humo punje za kitunguu saumu, akaongeza maziwa kidogo, akakizungushia karatasi ya foili na kukiweka rafu ya juu ya oveni, peke yake. Viazi vilichemshwa na maganda. Soseji ilikuwa sufuria yake, na koleo lake. Hakunihutubia wala hakuniuliza maswali ya dini, alinisogezea tu kisanduku na kusema nile kingali moto. Kile kisanduku nilikimaliza na kukikwangua.

Comté, jibini gumu la mkoa ule, nalo lilikuwa kila siku. Gurudumu moja lina kilo 40 hivi na linakula karibu lita 400 za maziwa, na haliuzwi kabla ya kukaa ghalani miezi minne. Monsieur hununua vipande vya umri tofauti sokoni ili kuvilinganisha. La miezi michache lina ladha ya siagi, lililozeeka linakaribia korosho za kukaanga. Mimi nilipendelea lililozeeka.

Mwezi wa Ramadhani, ulioanza Machi 11 mwaka 2024, ndio uliokuwa mtihani wa mpango mzima. Nilikuwa na hofu, maana nyumba yao inaendeshwa kwa saa na mimi nilikuwa naleta saa zangu. Siku za mwanzo jua lilizama kama saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano jioni, karibu saa nzima kabla ya chakula chao, kwa hiyo nilifuturu kwa tende na chai jikoni kisha nikaungana nao. Machi 31 Ufaransa ikasogeza saa mbele, na futari ikarukia saa mbili na dakika nne hivi usiku. Hapo Madame, bila kuombwa, akaahirisha chakula cha nyumba nzima hadi magharibi. Kwa watu ambao saa moja na nusu kwao ni kama sheria, hilo ni jambo zito. Kwa daku aliniachia sinia juu ya ngazi: mayai ya kuchemsha, mkate, siagi, mtindi. Tende nilinunua Planoise, mtaa mkubwa upande wa magharibi unakofika kwa tramu, wenye bucha za halali na maduka ambako nilipata tui la kopo na bizari. Jumamosi jiko lilikuwa langu kwa ruhusa yao. Niliwapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na jioni nyingine tambi za sukari na kaimati. Kaimati ziliisha kabla sahani haijafika mezani vizuri.

Wadada wenzangu huuliza sana kuhusu hijabu. Sheria ya 2004 inayokataza alama za dini zinazoonekana wazi inahusu wanafunzi wa shule za serikali hadi sekondari, haihusu wanafunzi wa chuo kikuu. Nilivaa hijabu yangu darasani mwaka mzima. Septemba ile nilipokuwa naanza masomo ndipo serikali yao ilipopiga marufuku abaya shuleni, habari zilijaa kwenye televisheni, na nyumbani Battant tulilizungumza waziwazi baadaye, kila mtu na msimamo wake. Hatukukubaliana kwa kila jambo. Kesho yake chakula kilikuwa saa moja na nusu.

Mambo madogo ya nyumba nayapitia haraka. Joto la nyumba ni nyuzi 19, kikomo kilichomo kwenye sheria yao, na hawaongezi; leta soksi nzito na uombe blanketi la pili mapema. Nguo zilifuliwa mara moja kwa wiki, mashine ikiwashwa usiku ambapo umeme wao ni nafuu. Takataka hulipiwa kwa uzito, kwa hiyo usitupe maganda ya viazi kwenye pipa lolote unaloliona, uliza. Jumapili maduka mengi yamefungwa. Na Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa sita mchana, ving'ora vya mji hulia. Ni majaribio, kaa umetulia.

Makaratasi yanahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokwama. Benki itakutaka uthibitishe anwani, na kwa anayekaa na familia maana yake ni barua ya mwenyeji iliyosainiwa, nakala ya kitambulisho chake na bili yake ya karibuni ya umeme au maji. Viza ya muda mrefu ya mwanafunzi nayo lazima uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu ya kuingia nchini. Nyumba ya kwanza barua hiyo niliisubiri hadi nikaona aibu kukumbusha. Ya pili niliikuta kwenye bahasha juu ya kitanda siku ya kuhamia. Ruzuku ya nyumba ya CAF, shirika la Ufaransa linalolipa misaada ya familia na makazi, ambayo wakati huo wanafunzi wengi wa Crous walikuwa wanaipata, mimi sikuipata, kwa sababu mkataba wangu haukuwa wa upangaji wa kawaida. Liweke hilo kwenye hesabu yako ya bei kabla hujasaini.

Juni nilifanya DELF B2, mtihani wa cheti rasmi cha Kifaransa, ngazi ya juu ya kati. Mtihani una sehemu nne za alama 25 kila moja, unafaulu kwa 50 kati ya 100 mradi usishuke chini ya 5 popote. Kwenye kuandika nilipata alama za kawaida. Kwenye kuzungumza nilipata 21, na mada niliyopewa ilikuwa ya kazi na haki za wafanyakazi. Nilizungumza kwa mifano ya saa na mkonge mpaka mtahini akaweka kalamu chini akaanza kuniuliza maswali ya kwake.

Nyumba ya pili naipa nyota tano, pamoja na dari yake. Ya kwanza mbili, kwa ajili ya chumba. Wakala naye mbili, moja ikiwa ya fomu ya vyakula. Ukiamua kumtumia wakala wa aina hii, mwandikie maswali haya na umtake ajibu kwa maandishi: wenyeji wanakula nyumbani siku ngapi kwa wiki, je mwanafunzi anakaa nao mezani, naweza kupika lini, barua ya anwani inatolewa siku gani, na nikihama amana inarudi baada ya siku ngapi. Kama unakwenda Ufaransa kusoma shahada kwa Kiingereza, au Kifaransa chako tayari kinatembea, chukua chumba cha Crous, ujipikie, na zile euro mia tatu uzipandie treni.